Mzinga wangu wa Ruai una nyuki lakini hauna nguvu. Nimekosea wapi?

Mgeni_Ruai · 24 Februari, saa 3 usiku

Wadau, habari za jioni. Naomba kusikia kutoka kwa wenye mizinga, sio wauzaji wa mizinga. Wauzaji nimeshakutana nao.

Hali iko hivi. Nina nusu ekari huku Ruai, ndani kidogo kutoka Kangundo Road, migunga upande mmoja na ua la kayaba upande wa pili. Mwaka jana nilinunua mizinga miwili ya Langstroth, yale makasha ya mbao yenye fremu ndani, kwa jamaa aliyeniahidi nitarina kila miezi mitatu. Nikapaka nta ndani, nikaipandisha juu ya vigingi, nikangoja. Mmoja mpaka leo wanaishi buibui. Wa pili uliingiwa na kundi Novemba, mvua zilipoanza. Siku hiyo nilikaa kwenye jiwe nikiwatazama mpaka giza likaingia, mke wangu akadhani nimepata habari mbaya.

Januari nikaona wanatoka na kuingia kwa wingi, nikaongeza kasha la asali juu, na katikati wavu wa malkia, ule unaomzuia malkia kupanda kwenye asali, kama nilivyoona kwenye video. Kila Jumamosi saa sita mchana nafungua kuangalia maendeleo.

Sasa kasha la juu halina hata sega moja. Chini nyuki wamekaa kwenye fremu nne kati ya kumi. Fremu za pembeni zina utando na viwavi weupe. Kuna vidudu vyeusi vidogo, ukubwa wa punje ya mtama, vinakimbia kujificha nikiinua kifuniko. Na ukali umezidi. Jirani ameacha kunisalimia.

Ninunue dawa gani? Niwape sukari? Au nimeangukiwa na kundi bovu?

Kuku_na_Mayai

Uza mizinga, fuga kuku.

Mgeni_Ruai

Kuku ninao. Ndio waliodungwa wa kwanza.

Nta_na_Utambi

Kaka, pole. Mimi niko Dagoretti, nina mizinga kumi na mmoja nyumbani kwa mama yangu upande wa Kikuyu, na biashara yangu kubwa ni mishumaa na nta, asali ni nyongeza. Nimesoma maelezo yako mara mbili na sioni ugonjwa. Naona nyumba kubwa na familia ndogo.

Hebu fikiria. Majana, yaani watoto wa nyuki, hutaka joto la kama nyuzi 34 au 35 usiku na mchana. Joto hilo linatoka kwenye miili ya nyuki wenyewe, hakuna jiko mle ndani. Wewe umewawekea kasha zima tupu juu ya vichwa vyao, na Ruai usiku wa Januari kuna upepo. Joto linapanda, linapotelea kwenye vyumba visivyo na mtu. Nyuki waliotakiwa kwenda kutafuta chavua wanabaki nyumbani kuatamia.

Halafu ulinzi. Hao viwavi ni wa nondo wa nta, na hivyo vidudu vyeusi ni mbawakawa wa mzinga. Wote wapo huku kwetu, kila mzinga Kenya hii unawajua. Kwenye mzinga wenye nguvu nyuki huwakimbiza mbawakawa hadi kwenye kona na kuwafungia kwa gundi, na kiwavi wa nondo hutolewa nje akiwa mdogo. Lakini fremu sita zisizo na nyuki ni mtaa usio na polisi. Kwa hiyo ukinunua dawa ya nondo utakuwa unatibu kikohozi cha mtu anayelala nje.

Fanya hivi, jioni moja tu. Ondoa kasha la juu na wavu wake, weka ndani ya nyumba. Toa fremu zote zenye utando; zile mbaya kabisa kata nta uiyeyushe siku hiyo hiyo, usiziache nyuma ya stoo zikawa kitalu cha nondo. Bakisha fremu nne zenye nyuki na moja safi kila upande. Ziegemeze upande mmoja wa kasha, kisha pale zinapoishia simamisha ubao unaofika chini na kugusa kuta pande zote mbili. Ukikosa ubao, hata kipande cha plaiwudi kilichokatwa sawasawa kinatosha. Mlango wa mzinga uzibe kwa kijiti ubaki upana wa vidole viwili.

Hapo utakuwa umewapa chumba wanachoweza kukipasha moto na mlango wanaoweza kuulinda.

Mwana_wa_Mrina

Mama Nta amesema vyema. Mimi nitaongeza lile aliloliacha kwa adabu.

Kijana, acha kufungua.

Baba yangu alikuwa mrina asali kule Kitui. Mizinga ya magogo, kila mmoja na alama ya ukoo imechongwa, imetundikwa juu ya mti. Alikuwa anaupandia mzinga mara mbili kwa mwaka, usiku, na mwenge wa moshi. Kati ya safari hizo mbili alikuwa anapita chini yake, anasimama, anasikiliza, anaangalia nyuki wa mlangoni, anaenda zake. Alijua mzinga upi una njaa na upi umejaa bila kuugusa.

Wewe umefungua mara ngapi tangu Novemba? Kumi na nne? Kila ukifungua unavunja gundi waliyozibia nyufa, unatoa joto, moshi unawafanya wajaze matumbo asali wakidhani kuna moto wa msituni na ni wakati wa kukimbia. Inawachukua siku nzima au zaidi kurudi kazini. Ukifika Jumamosi nyingine ndio wamemaliza kukarabati, na wewe huyo na patasi.

Tena unafungua saa sita, jua kali, nyuki wote wazee wako nje na wanarudi wakiwa na hasira. Wale wa kwenye video ni nyuki wa Ulaya. Mtu anawafungua na fulana. Wa kwetu walikua wakikimbizana na nyegere, siafu, moto na baba yangu. Kilichowaokoa ni mambo mawili: kudunga haraka na kuhama haraka. Nyuki wa Ulaya akisumbuliwa hubaki na kufa. Wa kwetu huhama. Utakuja Jumamosi moja ukute masega matupu, safi, asali yote imebebwa, hujui hata wameelekea wapi. Kwa hiyo kabla ya kufikiria asali, kazi yako ya mwaka wa kwanza ni moja: wakubali kukaa.

Mgeni_Ruai

Mzee, mara kumi na sita. Nimehesabu.

Nimesikia. Lakini nisipofungua nitajuaje kama malkia yupo? Sijawahi kumuona.

Somo_Lenana

Mimi pia huwa simuoni, na nimesomea kazi hii. Nilifanya kozi pale Lenana, kwenye taasisi ya taifa ya ufugaji nyuki, na mwalimu alituambia siku ya kwanza: usimtafute malkia, tafuta mayai.

Yai hukaa siku tatu kabla ya kuanguliwa. Ukiona yai basi juzi malkia alikuwepo, na hiyo inatosha. Inua fremu ya katikati, geuza mgongo kwa jua ili mwanga upite juu ya bega lako na kuingia ndani ya vijumba. Yai ni kama punje ya mchele iliyopungua, limesimama chini kabisa. Moja kwa kila kijumba, katikati: malkia yupo. Ukiona mawili matatu kwenye kijumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, hao ni vibarua, yaani nyuki wa kazi, wanaotaga kwa sababu mama hayupo. Mayai yao hutoa madume peke yake, na kundi hilo linaelekea kwisha.

Kwa kuwa utafungua ili kupunguza nafasi, chungulia hapo hapo. Kisha angalia majana yaliyofunikwa. Yakiwa yamejaa kama zulia, na kifuniko cha rangi ya biskuti, vizuri. Yakiwa na matundu matundu, mabuu yamelala kombo na kugeuka manjano, piga picha utuonyeshe.

Na tafadhali fanya saa kumi na moja na nusu jioni. Ukimaliza giza linaingia na kila mtu analala, pamoja na jirani.

Bahari_Tanga

Nawasalimu kutoka Tanga. Nimependa uzi huu ingawa ninyi Wakenya mnaita kila kitu "mahali pa mizinga". Neno lipo, ni manzuki. Na wasiojua majana ni nini, ni watoto wa nyuki wakiwa bado kwenye sega, kuanzia yai hadi wanapotoboa kifuniko.

Mwana_wa_Mrina

Asante, mwalimu. Manzuki ya kijana ina mzinga mmoja na nusu.

Mgeni_Ruai · 2 Machi

Nimefanya jana jioni. Moshi wa magunzi na mavi makavu ya ng'ombe, umetulia kuliko maboksi niliyokuwa nachoma. Nilidungwa mara mbili tu, kifundo cha mguu, kosa langu, soksi ilikuwa fupi.

Mayai yapo, moja moja. Majana fremu mbili na nusu, yana matundu lakini mabuu ni meupe na yamejikunja vizuri. Shida ni chakula. Asali ni kama ukubwa wa kiganja kwenye fremu mbili, na chavua haba. Nimetoa kasha, nimeweka ubao, mlango ni vidole viwili. Nilivyofunga nikagundua mzinga mzima unasikika tofauti. Kabla yake ulikuwa kama redio iliyo kati ya stesheni mbili.

Sasa sukari ndiyo au hapana?

Duka_la_Mifugo

Matundu kwenye majana ni varoa hiyo. Nina vibandiko vya dawa kutoka ng'ambo, unaning'iniza kati ya fremu wiki sita. Njoo inboksi.

Somo_Lenana

Asiende inboksi. Utitiri wa varoa ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza 2009, na ndiyo, sasa uko karibu kila mahali. Kuna utafiti uliochapishwa 2014 ambao ulipima mizinga katika sehemu 24 za nchi hii. Waliukuta utitiri kote isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini hawakuona kwamba makundi yenye utitiri mwingi yalikuwa madogo kuliko mengine. Nyuki wetu wanaishi nao bila dawa. Ukianza kuwatibu unawalea wale dhaifu, na unaacha kemikali kwenye nta ambayo haitoki.

Matundu ya Machi mahali pakame ni njaa. Vibarua wakikosa chavua hula mayai na mabuu, kwa sababu protini haina pahali pengine pa kutoka.

Akiwa na wasiwasi wa kweli wa ugonjwa, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, iko Kasarani, wana maabara ya afya ya nyuki. Ruai hadi Kasarani si safari.

Nta_na_Utambi

Sukari ndiyo. Kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji ya moto, koroga iyeyuke, ipoe kabisa. Usitumie sukari guru, inawaharisha. Usitumie asali ya dukani, hujui ilitoka mzinga gani na ugonjwa gani. Chukua chupa ya jemu, toboa kifuniko kwa msumari mdogo matundu sita saba, igeuze juu chini ndani ya mzinga, upande wa pili wa ubao, na uache upenyo wa nyuki kupita. Jaza jioni tu. Tone lisimwagike nje, kwa sababu nyuki wa nje wakinusa watakuja kuiba, na mzinga dhaifu ukivamiwa haumalizi siku mbili.

Ukiwapa maji ya sukari mepesi namna hii, wanadhani maua yamefunguka na malkia anaongeza kutaga. Kwa hiyo ukianza, usikatize hadi mvua zilete maua. Ukikatiza katikati umezalisha watoto wasio na chakula.

Mwana_wa_Mrina

Hapa tunaachana, Mama Nta, kwa heshima.

Ukimlisha nyuki mwezi mzima umefuga mbwa. Mvua za masika zinaanza mwezi huu. Mpe maji karibu, beseni lenye mawe ya kutua wasizame, mwache. Kundi lisiloweza kuvuka Machi na malkia anayetaga halina damu nzuri.

Nta_na_Utambi

Mzee, baba yako alikuwa na mizinga mingapi?

Mwana_wa_Mrina

Zaidi ya themanini.

Nta_na_Utambi

Huyu ana mmoja. Mwenye themanini anaweza kuacha kumi ife achague damu. Mwenye mmoja akiacha ufe ameacha ufugaji.

Mwana_wa_Mrina

Hilo sina jibu lake. Alishe. Lakini asirine mwaka huu, maana hiyo itakuwa sukari yake mwenyewe amerudishiwa.

Nta_na_Utambi

Hapo tuko pamoja kabisa. Kasha la asali halikai juu wakati chupa ya sukari iko ndani. Anayefanya hivyo na kuandika "asali halisi" kwenye lebo anajijua.

Mpangaji_Njiru

Naomba kuuliza kama mtu anayeishi karibu na mfugaji, sio Mgeni, ni mwingine. Kwetu mbuzi amefungwa kwenye kamba alidungwa akafa. Je, ni haki kweli kuweka nyuki mtaani?

Somo_Lenana

Pole sana, na swali ni la haki. Jibu langu la wazi: kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, nyumba pande zote, hapana. Nyuki wetu hawafai pale, hata mwenye mizinga awe fundi namna gani.

Mwenye nafasi kama ya Mgeni aweke mizinga kona ya mbali, mlango utazame ua, sio njia ya watu. Ua refu kuliko mtu huwalazimisha nyuki kupaa juu kabla ya kuvuka kwa jirani, kwa hiyo kayaba yake inamsaidia. Mnyama asifungwe kamba karibu na mzinga, kamwe. Nyuki humuua aliyefungwa kwa sababu hawezi kukimbia. Na mfugaji awaambie majirani siku atakayofungua, wafunge madirisha.

Ukidungwa, kwaruza mwiba utoke mara moja kwa kucha, usimame kushangaa hapana, ondoka. Ule mwiba unaacha harufu inayoita wengine. Mwenye pua nzuri atasikia kama ndizi mbivu, na kweli kiini kikuu cha harufu hiyo kipo pia kwenye ndizi. Kazi mojawapo ya moshi ni kuifunika. Na mtu akianza kuvimba midomo, kubanwa pumzi au kizunguzungu, hiyo ni hospitali sasa hivi, sio maziwa na kitunguu.

Mpangaji_Njiru

Asante. Nitamwonyesha.

Mgeni_Ruai · 6 Aprili

Wadau, naandika nikitetemeka. Saa tano usiku nimesikia mzinga unanguruma kama pikipiki. Nimetoka na tochi, siafu. Mstari mzima unapanda kigingi kimoja, upana wa mkono. Nimewamwagia majivu ya moto njiani, nikapangusa kigingi kwa dizeli, nyuki wametoka nje wametundika kama ndevu chini ya mzinga.

Mwana_wa_Mrina

Usifungue. Usiwaguse. Asubuhi niambie kama wamerudi ndani.

Na vigingi ulivyosimamisha mzinga, viko wazi ardhini?

Mgeni_Ruai

Viko wazi. Jamaa aliyeniuzia hakusema.

Mwana_wa_Mrina

Wengi hawasemi. Kila mguu uingie kwenye mkebe wa rangi wenye oili chafu ya gari, na ukate nyasi zote zinazogusa mzinga, maana jani moja ni daraja. Funika mkebe kwa bati dogo mvua isiujaze na nyuki wasizame. Au fanya kama KTBH zinavyofanywa: tundika kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno, na upake grisi kwenye waya. Nyegere pia hapandi waya, ingawa Ruai sidhani kama utamuona.

Mgeni_Ruai · 7 Aprili

Wamerudi. Wote ndani saa mbili asubuhi. Mikebe minne nimepata kwa fundi rangi.

Kuku_na_Mayai

Nilikuwa nafuatilia kimya kimya. Hongera. Hiyo KTBH ni nini?

Bahari_Tanga

Ninyi ndio wenyewe! Ni mzinga wa Kenya, ulibuniwa huko kwenu miaka ya 1970, umbo la hori la ng'ombe, una mbao nyembamba juu na nyuki hujenga sega chini ya kila ubao. Hauna fremu. Rahisi kwa fundi.

Nta_na_Utambi

Rahisi kwa fundi anayepima. Mbao za juu lazima ziwe milimita 32, maana hiyo ndiyo nafasi ya nyuki wetu kutoka kati ya sega moja hadi nyingine. Fundi mmoja alinikatia 38 "ili ziwe imara". Nyuki wakajenga walivyotaka, sega linakata mbao tatu kwa mshazari. Siku ya kufungua niliinua ubao mmoja nikavunja nyumba nzima. Nililia, na si kwa sababu ya kudungwa.

Langstroth nao siri yake ni ile ile, vipimo. Upenyo wa milimita sita hadi tisa nyuki huuacha wazi kama njia. Ukiwa mdogo zaidi wanauziba na gundi, ukiwa mkubwa wanaujaza nta. Bwana Langstroth mwenyewe alipata hati ya ubunifu 1852 kwa kulielewa hilo tu. Kwa hiyo ukinunua mzinga wa mafundi wa barabarani, nenda na rula.

Mgeni_Ruai · 11 Mei

Habari mbili. Ya kwanza, fremu zenye nyuki sasa ni sita na ubao nimeusogeza mara mbili. Sukari niliacha katikati ya Aprili maua yalipofunguka, chupa ilikuwa haiguswi tena.

Ya pili, mzinga wa buibui umepata kundi! Nilifuata ushauri wa humu kwenye uzi mwingine: nikaukwangua, nikausugua ndani kwa nta ya zamani na mchaichai, nikaupandisha juu ya mti kama mita tatu. Siku ya tisa wakaingia. Kubwa. Wanafunika fremu tisa tayari, na mimi nimefungua mara moja tu, mzee ni shahidi.

Nauliza: niwaunganishe? Mkubwa ummeze mdogo?

Nta_na_Utambi

Hapana! Kuunganisha ni kwa kundi lisilo na malkia. Pale unaweka gazeti moja kati ya kasha mbili, wanalitafuna polepole na harufu zinachanganyika kabla hawajakutana. Wewe una malkia wawili wazima, usiue mmoja.

Azima fremu. Kwenye mzinga mkubwa chagua fremu moja yenye majana yaliyofunikwa, sio mayai. Mayai na mabuu ni midomo ya kulishwa, lakini waliofunikwa hawataki kitu ila joto, na ndani ya siku kumi na mbili wote wametoboa. Fremu moja iliyojaa pande zote mbili ni nyuki maelfu. Kung'uta nyuki wote wabaki kwao, hakikisha malkia hajabebwa, kisha iweke katikati ya majana ya mzinga mdogo, sio pembeni. Na ile fremu uliyoitoa kule, jaza nafasi yake na nyingine yenye nta.

Moja tu. Ukiwapa mbili watashindwa kuzifunika usiku, majana yatapoa yafe, na mbawakawa watakushukuru.

Somo_Lenana

Na subiri wiki tatu kabla ya kurudia. Kibarua huchukua siku kama 20 tangu yai hadi kutoka, malkia 16, dume 24. Ukizijua namba hizo tatu unaweza kutazama fremu na kusema mzinga ulikuwa na hali gani wiki mbili zilizopita.

Mgeni_Ruai · 15 Juni

Fremu nane! Nimeweka ubao stoo, mlango nimeupanua uwe upana wa mkono. Majana sasa ni zulia, kama alivyosema Dada Somo. Ukali umepungua hadi nakata nyasi karibu nao.

Niongeze kasha la asali?

Nta_na_Utambi

Fremu nane zimefunikwa, kwa vipimo ndiyo. Kwa kalenda hapana. Julai Nairobi ni baridi, mawingu siku nzima, nyuki hawatoki hadi saa nne. Kasha tupu juu yao sasa ni kurudi Januari. Ngoja Septemba.

Mwana_wa_Mrina

Na Julai usifungue hata kidogo. Simama nyuma ya mzinga, inua upande mmoja kidole kimoja uone uzito. Ukiwa mwepesi kama boksi tupu, rudisha chupa yako ya sukari, sitasema neno.

Mgeni_Ruai

Sawa, Mzee. Septemba naongeza, na wavu wa malkia?

Nta_na_Utambi

Siku za kwanza bila wavu. Nyuki wetu hawapendi kupita wavu kwenda kwenye fremu tupu, ndiyo maana kasha lako la Januari hawakuligusa. Waache wapande, waanze kujenga, kisha hakikisha malkia yuko chini ndipo uuweke. Na usirine fremu yoyote ambayo robo tatu haijafunikwa kwa nta. Iliyo wazi bado ni maji, itachacha kwenye mtungi. Za chini usiguse kabisa, hizo ni zao.

Mgeni_Ruai

Jirani amenisalimia leo. Ameuliza asali ni lini.

Mwana_wa_Mrina

Mwambie Desemba. Usimwambie ya mwaka gani.